Maongezi ya Mbabula: Chumvi na makala ya nyota inayokufa



Juma lililopita tuliongea juu ya likelemba na wale wanaochukua zamu yao halafu hawaonekani tena. Barua zilizokuja ni nyingi, nitazirudia siku nyingine. Leo nataka kujibu swali la mama mmoja wa kikundi chetu, aliyenishika mkono siku ya posho tulipokuwa tunatoka mkutanoni.

Aliniambia hivi: "Mama, nisaidie. Binti yangu amemaliza mwaka wa nane. Mwezi wa tisa anaingia humanite, na anataka Biyoshimi. Mimi nilikuwa nimemwandalia ushoni, hata mashine iko tayari nyumbani. Nikamwuliza, hiyo shimi itakuletea nini? Akanijibu kwamba mwalimu wao aliwaambia habari za mwanamke mmoja wa Marekani ambaye kazi yake ni kutafuta chumvi kwenye nyota zinazokufa. Sasa wewe niambie ukweli. Chumvi kwenye nyota? Si wanawadanganya watoto wetu?"

Nilicheka, naye akacheka. Lakini sikuwa na jibu, na nilimwambia hivyo. Nilipofika nyumbani nikamwita binti ya dada yangu mkubwa, ambaye anasoma shimi katika universite, ile ambayo wengine wanaiita kemia. Nimemsumbua siku tatu nzima, akinieleza huku tunachambua sombe. Haya ndiyo niliyoyaelewa, na mwisho nitawaambia kwa nini jambo hili linanigusa mimi mwenyewe.

Huyo mwanamke ni nani?

Mwanamke huyo yuko kweli. Jina lake ni Lucy Ziurys, mwalimu katika Universite ya Arizona. Anafundisha shimi, na anafundisha pia elimu ya nyota. Udaktari wake aliupata mwaka 1984 huko Berkeley, California. Kwa miaka mingi aliongoza kituo chenye antena mbili kubwa juu ya milima ya Arizona: moja ina upana wa mita 12, nyingine mita 10. Fikiria zile sahani za televisheni tunazoziona juu ya mabati ya majirani, halafu fikiria sahani moja inayoweza kufunika nyumba yako yote.

Kwa nini antena? Kwa sababu hatazami nyota kwa macho. Anazisikiliza, kama sisi tunavyosikiliza redio.

Kila kitu tunachokishika kimefanyizwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa atomu. Atomu zikishikana mikono, mbili, tatu au zaidi, tunapata molekuli. Maji ni hidrojeni mbili na oksijeni moja. Chumvi ya jikoni ni sodiamu na klorini. Sasa, molekuli ikiwa peke yake hewani haitulii. Inazunguka kama pia ya watoto. Kila mara inapopunguza mwendo, inatoa wimbi dogo la redio, na kila aina ya molekuli ina namba yake kwenye redio, ambayo haibadiliki, iwe hapa Lubumbashi au mwisho wa mbingu. Gesi ile yenye kaboni moja na oksijeni moja, kwa mfano, utaipata kwenye gigahezi 115 na kidogo. Hiyo ni juu kuliko namba za FM zetu zaidi ya mara elfu moja.

Lakini utajuaje kwamba namba fulani ni ya chumvi na si ya kitu kingine? Hapo ndipo kazi ya mama huyu ilipo. Katika maternite yenye watoto ishirini wanaolia, mama anatambua kilio cha mtoto wake kwa sababu alikwisha kukisikia. Lucy Ziurys na wanafunzi wake wanafanya vivyo hivyo. Kwanza, katika laboratwari, wanachemsha chuma au aluminiamu au magnesi mpaka inakuwa mvuke, wanaichanganya na gesi nyingine, na wanapima ile molekuli mpya inalia kwa namba gani. Baadaye wanageuza antena kuelekea nyota na kusikiliza kama kilio hicho kipo. Mara nyingine wanangoja saa nyingi, usiku baada ya usiku, kwa sababu kinachofika huku ni kidogo sana.

Nyota inakufa namna gani?

Nyota zina kuni zake, na kuni hizo ni hidrojeni. Jua letu nalo ni nyota, lina umri wa miaka miliari 4 na nusu hivi, na bado lina kuni za miaka karibu miliari 5, kwa hiyo msiogope, nguo zitakauka bado. Lakini siku hidrojeni ya katikati inapomalizika, nyota ya namna ya jua inavimba, inakuwa nyekundu, na upande wake wa nje unapoa. Katikati yake inaanza kufanyiza kaboni. Kaboni ndiyo hasa iliyo ndani ya makala tunayonunua kwa mfuko. Kisha nyota inaanza kupumua kwa nguvu, inapuliza gesi yake nje kidogo kidogo mpaka inabaki kiini tu.

Kuna nyota moja ya namna hiyo ambayo wataalamu wanaipenda sana, kwa kuwa iko karibu. Wanaiita IRC+10216. "Karibu" maana yake mwanga wake unatumia miaka 400 hivi kutufikia. Kila mwaka nyota hiyo inatupa nje uzito unaozidi dunia yetu yote mara kadhaa. Ukiitafuta kwa macho huioni, kwa sababu imejifunika na masizi yake yenyewe, kama sufuria iliyokaa miaka juu ya moto wa kuni. Lakini masizi hayazuii mawimbi ya redio. Kwa njia hiyo zimekwisha kutambuliwa molekuli zaidi ya 80 kuizunguka.

Hapa kuna jambo moja ambalo naomba mlishike, maana nitalirudia. Kaboni na oksijeni zinapendana kupita kiasi. Gesi ya nyota inapopoa, kila kaboni inatafuta oksijeni yake, zinaoana, na ndoa hiyo haivunjiki kwa urahisi. Watakaobaki bila kuoa ndio wanaoamua mambo mengine. Nyota ikiwa na kaboni nyingi kuliko oksijeni, kaboni iliyobaki inafanyiza masizi na molekuli nyingi za kila namna. Nyota ikiwa na oksijeni nyingi, inayobaki inafanyiza vumbi la jamii ya mchanga na mawe. Kwa muda mrefu watu walifikiri kwamba nyota hizi za pili ni maskini, hazina molekuli nyingi za kupendeza, basi wengi hawakujisumbua kuzichunguza.

Lucy Ziurys na wenzake walijisumbua. Walichagua nyota kubwa ajabu inayoitwa VY Canis Majoris. Mwanga wake unatumia miaka karibu 4,000 kufika hapa, na nyota yenyewe, kama ingewekwa mahali pa jua letu, ingeimeza dunia na kupita hata njia ya sayari ya Jupita. Nyota hiyo ina oksijeni nyingi. Mwaka 2007 walitangaza katika gazeti la wataalamu liitwalo Nature yale waliyoyakuta: molekuli nyingi zisizotarajiwa, na kati yake sodiamu imeshikana na klorini. Chumvi, mama. Chumvi ile ile.

Haikuwa mara ya kwanza chumvi kuonekana mbinguni. Mwaka 1987 wataalamu wawili, José Cernicharo na Michel Guélin, walikuwa wameitambua kwenye ile nyota ya masizi. Jambo jipya lilikuwa kuikuta mahali ambapo watu walisema hakuna kitu. Basi binti yako hakudanganywa. Mwambie hivyo, na mwombe msamaha kidogo.

Mifupa na damu

Kutoka chumvi tuje mwilini mwetu. Mwili wa mtu mzima una fosforasi gramu 700 hivi, na sehemu kubwa iko ndani ya mifupa na meno. Bila fosforasi hakuna mtoto anayesimama. Hata ile barua ndogo iliyo ndani ya kila chembe ya mwili, inayomwandika mtoto afanane na baba au na bibi yake, uti wake umejengwa kwa fosforasi. Lakini mbinguni fosforasi ni adimu. Mwaka 1987 Lucy Ziurys alikuwa kati ya watu wa kwanza kutambua molekuli yenye fosforasi katika mawingu ya mbinguni, fosforasi iliyoshikana na nitrojeni. Mwaka 2007, kwenye ile nyota kubwa, yeye na wenzake wakakuta fosforasi iliyoshikana na oksijeni, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona angani kabla yao.

Na chuma je? Kila mama aliyebeba mimba anajua vidonge vya chuma vya kituo cha afya, vile vinavyofanya choo kuwa cheusi. Mwili mzima una chuma gramu 3 au 4 tu, uzito wa misumari michache midogo, lakini kikipungua unaona giza ukiinuka. Mwaka 2011 kikundi cha Lucy Ziurys kilitambua chuma kimeshikana na kaboni na nitrojeni kuizunguka ile nyota ya masizi. Chuma hicho nyota hiyo haikukifanyiza yenyewe. Ilikirithi kutoka kwa nyota nyingine zilizolipuka zamani, kabla yake, kama vile wewe unavyopika katika sufuria uliyoachiwa na mama yako.

Shaba na kobalti ya Katanga nayo ni ya urithi huo. Madini hayo yalifanyizwa ndani ya nyota kubwa na katika kulipuka kwake. Yalikuwa tayari yamesafiri sana kabla mtu yeyote hajachimba shimo la kwanza hapa kwetu.

Yanatufikia kwa njia gani?

Niliuliza hilo. Ikiwa nyota inapuliza vitu hivyo mbali, vinapotea? Watu wengi wa elimu walifikiri hivyo. Nyota ikimaliza kupuliza, kiini kinachobaki kinawaka kwa mwanga mkali sana, mkali kuliko jua la saa sita, na mwanga huo unavunja molekuli. Walihesabu kwamba baada ya miaka elfu chache hakuna kitakachobaki. Lakini Lucy Ziurys na wanafunzi wake walielekeza antena kwenye mabaki ya nyota zilizokufa miaka elfu kumi na zaidi iliyopita, na molekuli zilikuwa bado zipo. Zilijificha katika mafungu ya gesi nzito, kama vile moto unavyojificha chini ya majivu mpaka asubuhi.

Mabaki hayo yanasambaa, yanaingia katika mawingu makubwa meusi ya mbinguni, na mawingu hayo yakijikunja yanazaa nyota mpya na sayari. Ushahidi mwingine tunaweza kuushika mkononi. Mwaka 1969 jiwe kutoka mbinguni lilianguka karibu na mji wa Murchison, Australia. Ndani yake walikuta punje ndogo, ndogo kuliko unga, zilizotoka kwenye nyota zinazokufa. Mwaka 2020 wataalamu walitangaza kwamba baadhi ya punje hizo zina umri wa miaka miliari 7. Ni za zamani kuliko jua lenyewe.

Mbabula ndani ya chumba

Sasa nifike kwangu mwenyewe.

Mnakumbuka nilisema kaboni na oksijeni zinaoana na haziachani. Gesi hiyo ya ndoa yao ni kati ya molekuli zilizo nyingi sana mbinguni, na wataalamu wanaitumia kutafuta mahali gesi ilipo. Binti ya dada yangu aliponieleza hayo, alinyamaza kidogo, akasema: "Mama mdogo, wewe unaijua gesi hiyo. Ulilala nayo."

Ilikuwa miaka minne iliyopita, mwezi wa saba, ile baridi yetu ya kiangazi inayoingia mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimewapokea wajukuu wawili, na mdogo alikuwa na kikohozi. Jioni baada ya bukari niliingiza mbabula chumbani. Makala yalikuwa yamekuwa mekundu vizuri, hakuna moshi hata kidogo, na mimi nilikuwa nimefundishwa na wakubwa kwamba hatari ni moshi. Nikafunga dirisha, nikaweka kitambaa chini ya mlango. Tulilala kwa raha.

Binti ya dada yangu wakati ule alikuwa mwaka wa tatu wa Biyoshimi, na alikuwa kwetu kwa likizo. Aliamka kwenda nje, akapita mlangoni pangu, akasikia joto. Aliingia bila kupiga hodi, akafungua dirisha, akashika mbabula kwa kanga na kuitoa nje. Nilimkaripia sana. Nilimwambia watoto watakufa kwa baridi. Nilitaka kusimama nimpige kofi, miguu ikakataa. Kichwa kilikuwa kinanigonga, na yule mjukuu mkubwa alitapika kitandani. Alituvuta sote mpaka baraza la nje, akatufunika blanketi, tukakaa tunapumua hewa ya baridi, na kulipokucha tulikwenda kituo cha afya. Tulipona. Katika mtaa wetu tumezika watu ambao hawakuwa na binti wa kupita mlangoni.

Gesi hiyo haina rangi, haina harufu. Inatoka kwenye makala mekundu hata kama hakuna moshi. Ikiingia katika damu, inakishika kile chuma cha damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyokishika, na oksijeni inakosa nafasi. Mtu anapata kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi, na katika usingizi huo anakwenda. Watoto wadogo na mama wenye mimba wanaumia zaidi. Kwa hiyo naomba, mama zangu, kabla hamjaendelea kusoma: mbabula isilale ndani. Pasheni maji, wekeni ndani ya chupa mfunge na kitambaa, laleni na watoto wenu kifua kwa kifua, lakini mbabula ibaki nje. Na mkimkuta mtu amelala hivyo, kwanza mtoeni nje kwenye hewa, halafu mkimbilie kwa muganga wa kituo cha afya.

Unaona sasa? Ndoa ile ile ngumu inayoamua nyota itafanyiza masizi au mchanga, ndiyo iliyokaribia kunimaliza mimi na wajukuu wangu. Sheria ya mbinguni ni sheria ya chumbani. Na aliyeijua katika nyumba yetu alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, ambaye baba yake mdogo alikuwa ameuliza mara nyingi: hiyo shimi itamletea nini?

Chumvi kidogo kwenye moto

Kama mnataka kuona kazi ya Lucy Ziurys kwa macho yenu, fanyeni jambo dogo, nje, na watoto wakae mbali kidogo. Makala yanapoanza kushika vizuri utaona mwali mdogo wa buluu ukicheza juu yake. Huo ndio ile gesi yetu ikiungua. Sasa nyunyiza chumvi kidogo kwenye mwali huo. Utageuka njano. Ni sodiamu inasema jina lake. Shaba ingesema kwa kijani. Kila kitu kina mwanga wake, na mwenye kuujua anakitambua bila kukigusa.

Laboratwari za madini za hapa kwetu zinatumia akili hiyo hiyo kujua katika kilo moja ya mawe kuna shaba kiasi gani na kobalti kiasi gani. Wanaopima maji ya kisima kama yana madini ya sumu wanatumia hiyo hiyo. Nani anapima maji ya visima vyetu, sisi tunaokaa na vumbi la machimbo juu ya mabati? Nani anahesabu kilo za mchimbaji na kumwambia bei? Kama binti zetu hawako ndani ya vyumba hivyo, tutaendelea kuambiwa, na hatutakuwa na njia ya kujua kama tumeambiwa kweli.

Mlango wa nyuma

Nimalize na mwanamke mwingine. Yule aliyesaidia kuonyesha, mwaka 1957, kwamba nyota ndizo zinazofanyiza karibu vitu vyote vizito tulivyo navyo, jina lake ni Margaret Burbidge, Mwingereza. Aliandika kazi hiyo pamoja na mume wake Geoffrey, William Fowler na Fred Hoyle, na mpaka leo watu wanaisoma. Lakini alipotaka kutumia darubini kubwa ya mlima Wilson, California, alikuta kwamba wanawake hawaruhusiwi. Ikabidi mume wake aombe nafasi kwa jina lake, naye akapanda mlima kama msaidizi wake. Mume alikuwa mtu wa hesabu za karatasi. Aliyejua kutumia darubini alikuwa mke.

Mama aliyeniuliza swali, mimi sisemi ushoni ni kazi ndogo. Ushoni umelisha jamaa nyingi katika kikundi chetu, na mashine yako haitaoza. Binti anaweza kushona siku ya posho na wakati wa likizo, apate franka za daftari. Kama angekuwa anapenda ushoni, ningekuambia umwache ashone. Lakini amekuambia anataka shimi, na hakukuambia kwa mchezo, amekuja na habari ambayo mimi na wewe hatukuijua. Najua masomo ni ghali, na Biyoshimi ina vitabu vingi. Juu ya hilo tuongee katika mkutano, kikundi kina mfuko wake. Usimfungie mlango wa mbele, halafu miaka kumi baadaye atafute mlango wa nyuma.

Usiku huu, baada ya chakula, tuseme saa mbili, tokeni nje katika parseli pamoja na watoto. Katika kiangazi hiki mbingu ni safi. Tazameni juu, karibu na utosi, kidogo upande wa kusini. Mtaona nyota moja nyekundu inayong'aa. Wanaiita Antares. Ni nyota kubwa iliyo katika siku zake za uzee, nayo inapuliza gesi yake kama zile nilizowaeleza. Mwonyeshe binti yako. Mwulize akueleze inakuwaje. Msikilize mpaka mwisho, usimkate maneno.

Halafu ingieni mlale, na mbabula ibaki nje.

Tuonane juma lijalo. Nitarudia ile habari ya likelemba, na wale wanaojijua wajiandae.